Umepewa kliniki ya baridi yabisi? Anza hivi, nesi mwenzangu

Kila akipangwa nesi mpya maswali ni yaleyale: viungo vinahesabiwaje, hiyo DAS28 (alama ya ukali wa ugonjwa) ni mdudu gani, methotreksati, ile dawa kuu, anameza lini, daktari nimwite saa ngapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu usiku, kwa hiyo naandika mtiririko mzima hapa, wewe soma, uprinti ukitaka, ubandike mezani.

Kwanza tuelewane. Hapa naongelea mgonjwa ambaye daktari ameshathibitisha ana baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, yani rumatoidi, sio magoti ya uzee yaliyosagika. Kuutambua ugonjwa mara ya kwanza ni kazi ya daktari. Yetu ni kumfuatilia mtu miaka na miaka ili ugonjwa ulale na ubaki umelala.

Nadharia ni hii tu, sitakuchosha. Utando wa ndani ya kiungo unavimba, ukiachwa unakula gegedu na mfupa, na kilicholiwa hakirudi. Ndo maana lengo sio kupunguza maumivu peke yake, lengo ni ugonjwa ulale kabisa au ubaki chini sana. Ukiwa umechachamaa mgonjwa aonekane kila mwezi mpaka miezi 3, kama hakuna nafuu ndani ya miezi 3, au lengo halijafikiwa ndani ya miezi 6, dawa inabidi ibadilishwe. Sasa utajuaje kama hujahesabu? Hapa ndo ugomvi wangu na mafaili mengi, unafungua unakuta ukurasa baada ya ukurasa "anaendelea vizuri, aendelee na dawa", huku vidole vinapinda. "Anaendelea vizuri" sio kipimo jamani. Mgonjwa atakwambia yuko vizuri kwa sababu amezoea maumivu, au anakuheshimu, au ana haraka ya gari.

Na ukiambiwa hii ni kazi ya daktari usibishane sana. EULAR, jumuiya ya Ulaya ya rumatolojia, ilitoa mapendekezo ya kazi ya nesi kwenye magonjwa haya mwaka 2012 na kuna toleo jipya la 2018, na majaribio yaliyofanywa Uingereza na Denmark yalionyesha wagonjwa waliofuatiliwa na nesi hawakufanya vibaya kuliko waliofuatiliwa na daktari. Ila nesi huyo alikuwa amefundishwa na alikuwa na daktari wa kumpigia. Hilo la pili usilisahau.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Mwongozo wa kliniki uliosainiwa: nini unaruhusiwa kufanya mwenyewe (kuagiza damu, kupandisha dozi, kusimamisha dawa) na nini lazima umuulize daktari. Kama hakuna, usianze. Omba kwanza.
- Namba ya daktari anayepokea simu siku hiyohiyo.
- Fomu yenye picha ya viungo 28, mbili kwa kila mgonjwa, moja ya uchungu na moja ya uvimbe.
- Mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi, mwanzo "sijambo kabisa", mwisho "hali mbaya kuliko zote".
- Kipimo cha presha, mizani, kikokotoo (simu inatosha).
- Daftari la damu, lenye tarehe ya kipimo kijacho cha kila mtu. Hili daftari litakuokoa.
- Sefti boksi, kama kuna wanaojichoma sindano.
- Kiti chenye mikono na chumba ambacho mtu anaweza kuvua viatu bila aibu.

Hatua zenyewe

1. Soma faili kabla hajaingia. Dawa gani, dozi gani, alianza lini, alama yake ya mwisho ilikuwa ngapi, damu ya mwisho lini. Dakika tatu tu. Ukisoma huku yeye ameshakaa utakuwa unaangalia karatasi badala ya kumwangalia anavyotembea mlangoni na anavyoshika kitasa, na hapo kuna habari nyingi kuliko unavyodhani.

2. Anza na maswali ya hatari. Kabla ya salamu ndefu, kabla ya kuhesabu chochote, uliza haya:
- Kuna kiungo kimoja kilichovimba ghafla, cha moto, kinauma kuliko vingine vyote? Hicho kihesabu kuwa kimeingia wadudu mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama hana homa, maana dawa zake zinaweza kuificha homa. Daktari leoleo.
- Homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, kuvia damu ovyo? Uboho unaweza kuwa umezidiwa na dawa.
- Kikohozi kikavu kipya na pumzi fupi? Methotreksati inaweza kuvimbisha mapafu.
- Choo cheusi kama lami? Tumbo linavuja, hasa kama anameza diklofenaki au ibuprofeni.
- Jicho jekundu linalouma?
- Shingo inauma na mikono au miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu? Pingili za juu za shingo zinaweza kulegea kwenye ugonjwa huu, usimgeuze geuze shingo, piga simu.
- Hedhi imechelewa? Kwa anayetumia methotreksati au leflunomaidi hili ni swali la dharura.

Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, kliniki ya kawaida imeishia hapo. Piga simu kwanza, viungo utahesabu siku nyingine.

3. Uliza asubuhi yake. "Mama, ukiamka inachukua muda gani mpaka vidole viachie?" Usiulize "unakakamaa?" maana kila mtu atasema ndiyo. Unataka dakika. Kukakamaa kunakozidi nusu saa, na hasa kunakofika saa nzima, kunaonyesha uvimbe bado uko kazini. Halafu mpe karatasi ya mstari achore alama mwenyewe, ugonjwa umemsumbua kiasi gani wiki hii iliyopita. Mwache achore YEYE, usimshikie kalamu, usimwambie "weka hapa katikati". Na afanye hivyo kabla hujambonyeza, ukishambonyeza viungo vyote atachora maumivu uliyomletea wewe.

4. Hesabu viungo 28. Hapa ndo wengi wanaogopa na hakuna cha kuogopa. Ni hivi: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, vifundo vya ngumi 10, viungo vya katikati ya vidole 10 (kwa dole gumba ni kile kiungo chake kimoja cha mbele), na magoti 2. Jumlisha mwenyewe, 28. Viungo vya ncha za vidole, karibu na kucha, havimo, vile mara nyingi ni vya uzee.

Kila kiungo unakipitia mara mbili kwa akili: kinauma nikibonyeza? kimevimba? Kubonyeza ni kwa dole gumba mpaka kucha yako ibadilike iwe nyeupe, sio zaidi sio pungufu, na nguvu iwe ileile kwa kila mgonjwa kila siku. Mwangalie usoni wakati unabonyeza, kuna wazee hawasemi lakini kope zinasema. Uvimbe unautafuta kwa vidole viwili vya mkono mmoja na viwili vya mwingine, vya mkono mmoja vinashika pembeni, vya mwingine vinabonyeza juu, ukisikia panabonyea laini kama sponji iliyolowa, huo ni uvimbe. Ukisikia pagumu kama jiwe ni mfupa, usihesabu. Kiungo kilichopinda zamani lakini hakina ulaini nacho usikihesabu kama kimevimba, hayo ni makovu tu ya vita vilivyopita.

Kosa la kila siku: kuhesabu mkono unaomuuma tu. Pitia vyote 28, kwa mpangilio uleule, kulia kisha kushoto, hata kama amesema "huko hakuna shida".

Kosa lingine ni kusahau miguu. Nyayo hazimo kwenye 28 lakini ugonjwa huu unapenda sana vidole vya miguu, kwa hiyo avue viatu, ibane nyayo kwa upande karibu na vidole, akiruka andika pembeni. Mtu anaweza kuwa na alama nzuri kabisa huku anatembea kwa mateso.

5. Piga hesabu. Kama hujazoea anza na CDAI, alama nyingine ya ukali wa ugonjwa, haihitaji damu wala kikokotoo cha ajabu. Unajumlisha vitu vinne: idadi ya vinavyouma, idadi ya vilivyovimba, alama ya mgonjwa 0 hadi 10, na alama yako wewe unavyouona ugonjwa 0 hadi 10. Mfano: vinavyouma 4, vilivyovimba 3, mgonjwa kaweka 5, wewe umeweka 4, jumla 16. Mpaka 2.8 ugonjwa umelala, mpaka 10 uko chini, mpaka 22 ni wa wastani, juu ya hapo umechachamaa. Huyu wa 16 hayuko "vizuri" hata kama ametabasamu.

DAS28 inatumia viungo vilevile pamoja na ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini), na hesabu yake ina mizizi na logi kwa hiyo tumia programu ya simu. Chini ya 2.6 umelala, mpaka 3.2 uko chini, mpaka 5.1 wastani, zaidi ya hapo umepamba moto. Chagua kipimo kimoja na ubaki nacho, ukitumia CDAI leo na DAS28 mwezi ujao hutaona kama anapanda au anashuka.

6. Pitia dawa, moja moja, mfuko mezani. Usimuulize "unameza dawa?" Mwambie alete mfuko, atoe, akuonyeshe anavyomeza. Hapa nitakaa kidogo kwenye methotreksati kwa sababu ndo dawa mama na ndo inayoua watu kwa uzembe.

Methotreksati ni mara MOJA KWA WIKI. Sio kila siku. Kuna watu duniani wamekufa kwa kumeza kila siku dozi ya wiki, kwa sababu kwenye boksi paliandikwa "kama ulivyoelekezwa". Kwa hiyo chagueni siku pamoja, iandike kwa jina kwenye boksi na kwenye kadi, mfano "JUMAPILI TU", na mwambie arudie kwa mdomo wake. Vidonge vipo vya miligramu 2.5 na vya 10 na vinaweza kufanana, mpe aina moja tu maisha yote, ya 2.5, hata kama ni vingi kumeza. Asidi ya foliki apewe pia, angalau miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Akisahau dozi, ndani ya siku mbili anaweza kumeza, zikipita siku mbili aache mpaka wiki ijayo, na asimeze mara mbili kufidia.

Halafu hili ukariri: kotrimoksazoli na trimethoprimu HAZICHANGANYWI na methotreksati. Ni antibayotiki za kawaida mno, mtu anaenda kutibiwa mkojo sehemu nyingine, anapewa, na uboho unazimika. Andika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake na umwambie aionyeshe kila dirisha la dawa.

Dawa nyingine kwa kifupi. Salfasalazini inageuza mkojo rangi ya chungwa, mwambie mapema asije akaogopa akaiacha. Haidroksiklorokwini, kipimo cha juu ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni na kisha kila mwaka akishafika miaka 5 ya kuitumia. Leflunomaidi, angalia ini na presha. Prednisoloni ameze asubuhi baada ya kula na ASIIACHE GHAFLA, hata akiumwa, hata ikiisha Ijumaa jioni. Sindano za baiolojiki zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, zisigande, zitolewe kama nusu saa kabla ya kuchoma, tumboni mbali na kitovu au pajani, na kubadilisha sehemu kila mara. Ana homa au kidonda chenye usaha? Asichome, apige simu kwanza.

7. Damu. Kwa aliyeanza methotreksati karibuni, mwongozo wa Uingereza wa 2017 unasema hesabu kamili ya damu, ini na figo kila wiki 2 mpaka dozi itulie kwa wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi 3, kisha angalau kila wiki 12. Na namba za kukushtua ni hizi: chembe nyeupe chini ya 3.5, nyutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) chini ya 1.6, chembe sahani chini ya 140, ALT au AST (vipimo vya ini) juu ya 100, kreatinini (kipimo cha figo) kupanda zaidi ya asilimia 30 ndani ya mwaka. Ukiona mojawapo mpigie daktari siku hiyo. Lakini usisubiri namba zivuke mstari, angalia mwelekeo. Chembe nyeupe zilizoshuka kutoka 8 kwenda 6 kwenda 4.2 bado "ziko sawa" kwenye karatasi ya maabara ila wewe unaona zinakoelekea.

8. Vile vinavyosahaulika. Presha, maana ugonjwa huu unaongeza hatari ya moyo. Sigara, inauchochea ugonjwa na kupunguza nguvu ya dawa, mwambie wazi bila kumhubiria. Pombe na ini, uliza kama unavyouliza kuhusu chai. Uzazi wa mpango kwa yeyote anayeweza kushika mimba, kila ziara sio mwaka mara moja. Chanjo za mafua na nimonia apate, ila chanjo hai kama ya homa ya manjano asipewe kabla hajaongea na daktari. Na moyo wake, namaanisha huzuni: "wiki hizi mbili umekuwa ukijisikia huna raha na chochote?" Swali hilo moja linafungua mengi, na mtu mwenye huzuni hamezi dawa vizuri.

9. Fundisha kitu kimoja. Kimoja tu. Leo kufungua chupa kwa kiganja badala ya vidole, ziara ijayo mazoezi ya vidole, nyingine jinsi ya kugawa kazi za siku kwa mapumziko. Ukimwaga vyote siku moja anaondoka na sifuri. Na hakikisha hajaambiwa asitembee, maana kuna imani kwamba mwenye viungo vibovu akae tu, hapana, kutembea na mazoezi ya kiasi vinamsaidia, kiungo kilichochachamaa ndo kinapumzishwa siku chache.

10. Amua, andika, mpe tarehe. Umelala? Miezi 3 mpaka 6. Haujalala? Mwezi mmoja, na leo unazungumza na daktari kuhusu dozi. Methotreksati kwa kawaida inapandishwa taratibu mpaka ifike miligramu 25 kwa wiki kama anaimudu, na ukiona mtu amekaa mwaka na nusu kwenye 10 huku CDAI ni 18, hakuna siri hapo, kuna mtu hakuuliza. Andika alama, andika uamuzi, na umwambie mgonjwa namba yake. Wengi wanaipenda, wanaanza kukuuliza wenyewe "leo ngapi?"

Yakikwama

Vinavyouma ni vingi, vilivyovimba ni sifuri. Alama itakuwa juu lakini ESR na CRP ziko chini. Usikimbilie kuongeza dawa. Uliza usingizi, uchovu, maumivu ya mwili mzima, kunaweza kuwa na faibromialjia juu ya baridi yabisi, na hiyo haitibiwi kwa kupandisha methotreksati. Mpeleke kwa daktari ukiwa umeandika hizo namba mbili kando kando.

Anasema dawa haifanyi kazi na ana wiki tatu tu. Methotreksati inachukua wiki 6 mpaka 12. Mwambie siku ya kwanza kabisa, sio anapolalamika, na muulize daktari kuhusu prednisoloni ya muda mfupi ya kumvusha.

Kichefuchefu kila siku ya dozi. Ameze usiku baada ya chakula, uliza kama foliki anameza kweli, muulize daktari kuhusu kuongeza foliki au kuhamia sindano. Watu wengi wanaiacha dawa kimyakimya kwa sababu ya hili, kwa hiyo uliza wewe, usisubiri.

Ugonjwa umechachamaa kati ya ziara moja na nyingine. Apewe namba ya simu ya kupiga. Kwenye simu pitia tena yale maswali ya hatua ya 2, kisha muulize kama kuna dozi aliruka, kama ameumwa kitu kingine, kisha mwone ndani ya siku chache. Usimwambie aongeze prednisoloni mwenyewe.

Anatumia mitishamba pembeni. Usifoke, ukifoka hatakwambia tena. Omba aje nayo uione, mweleze kwamba ini lake tayari lina kazi, na kama hataki kuacha basi damu iangaliwe karibu zaidi na daktari ajue.

Wewe na nesi mwenzako mnapata idadi tofauti kwa mgonjwa mmoja. Kawaida. Hesabuni wagonjwa kadhaa pamoja mkiwa hamuonani karatasi, kisha mlinganishe, mtakuta tofauti iko kwenye mabega na vifundo vya mikono karibu kila mara. Mpaka mkae sawa, mgonjwa mmoja ahesabiwe na nesi yuleyule.

Damu haijarudi na dawa zimeisha. Angalia daftari lako: kama damu ya mwisho ilikuwa safi na hajapitiliza muda, fuata mwongozo wenu unavyosema kuhusu kumpa za wiki chache. Kama amepitiliza na humjui, piga simu kwa daktari kabla hujagusa dirisha la dawa.